Dada Alivyotutafutia Nyumba ya Mbali

Mume wangu alipohamishiwa Morogoro, mtu wa kwanza niliyempigia simu alikuwa dada yangu. Miaka mitano imepita na bado najilaumu kwa simu ile.

Sisi ni watu wa Kwale, pwani ya Kenya. Mume wangu ni fundi wa mitambo mikubwa, matingatinga na mashine za kuchimba, na kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi Mombasa ilipata ujenzi Tanzania ikampeleka huko kwa mkataba wa miaka mitatu. Familia iliruhusiwa kumfuata. Nyumba na shule tutafute wenyewe. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake mitatu, na mimi nilikuwa sijawahi kuishi nje ya Kwale hata mwezi mmoja. Lakini Morogoro nilikuwa na dada, baba mmoja, mama mmoja. Aliolewa huko na Mluguru zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kama kuna mtu wa kutuchagulia mtaa na shule, nilidhani ni yeye.

"Niachie mimi," aliniambia. "Mji huu naujua kona zote. Wewe funga mizigo tu."

Nikafunga mizigo. Alichukua mwezi mzima. Nikimwuliza, ananiandikia: bado natafuta. Nikimwomba picha, hatumi. Nilimwuliza kwa nini tusikae karibu na kwake, chini ya milima ya Uluguru, ambako mwenyewe alikuwa akinisifia maji ya mto yanayopita nyuma ya nyumba na ubaridi wa asubuhi. Akasema mtaa ule hauna nyumba za kupanga. Nilimwuliza kuhusu shule anayofundisha. Akasema watoto wamejaa mno, mwanangu atapotea. Nilimwamini, kwa nini nisimwamini? Kwa miaka yote hiyo alikuwa amekuja nyumbani mara mbili tu, zote misibani, na zote aliondoka siku ya tatu. Nyumbani tulisema ana mume mkali.

Mume mwenyewe ndiye aliyetupokea stendi ya Msamvu. Dada hakuja. Tulishuka kwenye basi la kutoka Tanga tumechoka hata kusema hatuwezi, na shemeji alikuwa amesimama pale na kofia yake mkononi, mtu mpole, mwembamba, anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Binti yangu akamwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa," na yule mzee alifurahi mpaka akasahau kuitikia, akakumbuka tumeshaanza kupakia mizigo. "Marahaba, mwanangu, marahaba." Nilijua palepale kwamba tulikuwa tumemsingizia huyu mtu. Ukali haukuwa wake.

Tulipanda bajaji mbili. Niliona milima imesimama upande mmoja wa mji, mikubwa, na mawingu yameilalia, na nikasubiri tugeuke kuielekea. Hatukugeuka. Tulikwenda upande wa pili, tukapita nyumba, tukapita viwanja vyenye matofali tu, tukapita mahali ambapo hata viwanja viliisha, mpaka tukafika Mkundi, kwenye nyumba mpya iliyosimama peke yake kwenye uwanda mkavu. Nikafungua bomba la jikoni. Likakohoa vumbi.

"Maji yanaletwa na boza, lori la maji," shemeji alisema, macho chini. "Mara moja kwa wiki. Dada yako alisema mnapenda utulivu."

Mume wangu alikuwa kambini huko kwenye ujenzi, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi. Nililala usiku ule na watoto wawili kwenye nyumba isiyo na jirani, nikajiambia kesho dada atakuja atanieleza.

Alikuja kesho yake mchana kwa bodaboda, akakumbatia watoto, akalia kidogo, akatoa kwenye mkoba fomu ya shule. Ilikuwa shule ya bweni, huko milimani juu, safari ya nusu siku.

"Baridi nzuri," alisema. "Watoto wanakula vizuri. Masista wanawalea kama mayai. Nimeshaongea nao, nafasi ipo."

"Bweni? Ana miaka kumi na mmoja."

"Hapa watoto wa miaka saba wanapelekwa bweni."

"Wa watu. Wangu haendi."

Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto asiyejua jedwali la tatu. "Umekuja ugenini, mdogo wangu. Umeniomba nikusaidie, nimekusaidia. Sasa unachagua?"

"Nachagua, ndiyo. Mtoto ni wangu."

Aliikunja fomu taratibu, akairudisha mkobani. Kabla ya kupanda bodaboda alinishika mkono akasema jambo ambalo wakati ule nililiona la kawaida. "Ukiwa mjini, watu wakikuuliza kama una ndugu hapa, si lazima uwaambie. Watu wa hapa wana maneno." Nikaitikia tu. Kila mji una watu wenye maneno.

Nikaanza kutafuta shule mwenyewe. Nilianza na ya kulipia, ya Kiingereza, kwa sababu binti alikuwa amesoma kwa Kiingereza Kenya na nilifikiri kule atashika haraka. Mkuu wa shule alikuwa mwanamke wa makamo, meza yake imepangwa kama duka. Alimwuliza mtoto maswali manne kwa Kiingereza, mtoto akajibu yote. Akanigeukia mimi.

"Kiingereza anacho. Lakini hana mtihani wa taifa wa darasa la nne. Ataanzia darasa la nne."

"Huko alikuwa ameingia gredi ya sita."

"Kenya si Tanzania, mama."

"Kuzidisha na kugawanya ni tofauti?"

"Na Kiswahili chake tutakinyoosha," alisema, bila kunijibu. "Wakenya Kiswahili kinawapiga chenga."

Mimi nimezaliwa Kwale. Nimenyonya Kidigo na Kiswahili kwenye titi moja. Nilimwambia mama yule Kiswahili changu hakina kilipopinda, nikamshika mtoto mkono tukatoka, na yule mama akacheka nyuma yetu, si kicheko cha kuficha. Nje ya geti binti aliniambia, "Mama, mimi sirudi kwa watoto wadogo. Afadhali nikae nyumbani nichote maji." Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya Mkundi, maana boza lilikuja siku lilipotaka.

Wiki ya tatu nilimwacha mdogo kwa mke wa mlinzi wa kiwanja cha mbali kidogo, nikaingia mjini kwa miguu na bajaji kutafuta nyumba bila kumwambia mtu. Nilitazama Kihonda, nikatazama Mazimbu, ambako nilipenda miti na njia pana za chuo kikuu cha pale lakini nyumba niliyopata ilikuwa na mwenye nyumba aliyetaka kujua ninasali mara ngapi kwa siku na mume wangu analala wapi katikati ya wiki. Kisha nikajiambia, wacha nione huo mtaa wa dada usio na nyumba. Siutaji jina. Ni mmoja wa mitaa iliyo chini kabisa ya mlima, pale ambapo akina mama wanaoshuka na ndizi na magimbi kichwani hutua mizigo yao kupumua kabla ya kuingia mjini.

Kwenye njia moja tu, kutoka barabarani mpaka mtoni, nilikuta nyumba tatu za kupangisha. Tatu. Moja ilikuwa na kibao kilichoandikwa kwa chokaa, herufi kubwa kuliko mlango.

Nilisimama mbele ya kile kibao na joto likanipanda mpaka masikioni. Sikumpigia dada simu. Nilichukua nyumba ya pili, ya bibi mmoja mjane aliyekaa uani, maji yanatoka, kivuli kipo, na kutoka mlangoni unasikia kengele ya shule. Jumamosi mume wangu aliporudi alikuta nimeshafunga vitu. Aliniuliza, "Dada yako amesemaje?" Nikamwambia dada yangu hapangi nyumba hii.

Ofisi ya elimu walinipa barua baada ya kwenda mara tatu. Nikampeleka mtoto kwenye ile shule ya serikali. Nilijua dada anafundisha pale. Sikumwambia, kwa sababu nilitaka aone kwamba ninaweza bila yeye, na moyoni nilidhani akimwona mwanangu na sare mpya atacheka na tutasahau.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamume mtaratibu. Alimpa mtoto jaribio la hesabu na la kusoma, akalisahihisha palepale na kalamu nyekundu, akasema, "Tutamweka la tano. Akienda vizuri tutaona." Nilishukuru mpaka nikajisikia mjinga. Tulipotoka ofisini dada alikuwa anakuja kwenye korido na boksi la chaki. Binti yangu alifungua mdomo kwa furaha. Dada alitutazama, mimi kisha mtoto, kama anavyomtazama mzazi yeyote aliyekuja na mtoto yeyote. Akasema, "Karibuni," akapita.

Alikuja nyumbani jioni ile jua halijazama. Hakukaa.

"Nani alikwambia uje huku?"

"Nimekuja mwenyewe. Nyumba za kupanga ziko tele huku. Ulinidanganya."

"Ndiyo, nilikudanganya! Nilikuwekea nyumba upande wa pili wa mji. Nikamtafutia mtoto shule nzuri. Ungekaa kule miaka yako mitatu ukaondoka. Umekuja kuniua."

Nilimtuma binti dukani, ingawa najua alisimama nyuma ya mlango. Ndipo dada akaniambia. Hapa yeye si mtu wa Kwale. Ni Mdigo wa Tanga, amezaliwa Tanga, kasoma Tanga. Alikuja na mimba ya kwanza, na watu wa upande wa mume wakamwita Mkenya, Mkenya, kwa matamshi yake tu, asubuhi na jioni, mpaka jina lake likasahaulika. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, kwa hiyo mtoto alipozaliwa swali la kila mtu lilikuwa ni hilo hilo, mama yake wa wapi? Siku moja alichoka akasema Tanga, na swali likaisha. Baadaye alitaka ualimu, na ualimu wa serikali ulitaka raia, na mtu mmoja akamtafutia cheti cha kuzaliwa cha Tanga. Miaka yote ya kazi yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi ile.

"Na huko Tanga," nilimwuliza, "watu wako wako wapi? Watu hawakuulizi?"

"Wamekufa."

"Na mama?"

Akautazama mlango.

"Mama ulisema yuko wapi?"

"Nilisema alifariki nikiwa mdogo."

Mama yetu alikuwa amenipigia simu asubuhi ile ile. Aliniuliza kama dada yangu bado anaumwa kichwa, na kama nimempa mafuta ya mkaratusi aliyonifungia kwenye chupa ya soda. Ile chupa ilikuwa kwenye dirisha la jiko, hatua mbili kutoka aliposimama.

"Umemzika mama," nilimwambia. "Anapika, anasali, anakuulizia, na wewe umemzika."

"Usinifundishe!" Alilia sasa, lakini kwa hasira. "Wewe ulibaki kwenu. Hukuwahi kuitwa mtu wa kuja kwenye jiko lako mwenyewe. Sikuombi unipende. Nakuomba mtoto aniite mwalimu, na wewe ukinikuta njiani unisalimie kama mwalimu. Basi."

Nilikubali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa, hilo ni kweli. Vibali vyetu vilikuwa vipya na sikutaka jina la mtu yeyote wa kwetu lifike ofisi ya uhamiaji. Tena analia, na ni dada yangu, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa sijui kutembea. Alipoondoka nikamwita binti nikamwambia, "Shuleni mama mkubwa ni mwalimu. Usimwite vingine."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kazi yake."

"Lakini ni mama mkubwa."

"Nimesema."

Tuliishi hivyo wiki saba. Nilipomkuta dukani nilisema, "Habari za kazi, mwalimu," naye akajibu, "Nzuri, mama," na yule muuza duka akanipimia unga bila kujua kwamba wanawake wawili waliokulia kitanda kimoja wamesimama mbele yake. Kila nilipofika nyumbani baada ya salamu ile nilikuwa na hamu ya kuvunja kitu. Shemeji alipita mara moja kwa siri na mkungu wa ndizi, akasema, "Nivumilieni." Nikamwambia yeye hana la kuvumiliwa, mwenye la kuvumiliwa hajaja.

Binti yangu shuleni hakuwa na raha. Hesabu alishika, ila kila aliposimama kusoma kulikuwa na watoto wawili watatu walioigiza maneno yake. Alisema "shule ya upili" badala ya sekondari, darasa zima likacheka siku mbili. Alisema "nipe kalamu," wakamwambia hapa tunasema naomba, huko kwenu mnanyang'anyana? Wakaanza kumwita Mkenya. Jina lake likasahaulika, kama la dada yangu lilivyosahaulika, na dada yangu alikuwa pale pale anasikia, maana alikuwa ndiye mwalimu wao wa Kiswahili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Binti alirudi kabla ya saa ya chakula, peke yake, bila mkoba. Nilikuwa ninafua uani na yule bibi mwenye nyumba anachambua mchicha. Bibi ndiye aliyeona kwanza. "Mtoto miguu ina nini?" Kwenye mashavu ya miguu kulikuwa na mistari minne, imevimba.

Alinieleza bila kulia. Alikuwa ubaoni, anasoma kifungu cha habari alichoandika, na nyuma wakaanza, Mkenya, Mkenya, wanapiga madawati. Dada alikuwa amesimama dirishani, anatazama nje. Binti akashindwa kuendelea. Akamgeukia akasema, "Mama mkubwa, waambie wanyamaze."

Darasa likanyamaza, hakuna aliyelazimika kuliambia. Dada akachukua fimbo.

"Alisema nini?" nilimwuliza.

"Alisema, mimi si mama yako. Alisema kila akipiga."

Niliacha nguo kwenye beseni. Nilivaa buibui juu ya gauni lenye maji, nikamshika mtoto mkono. Simu yangu ilikuwa na picha ya dada na mama, wamekaa mkekani msibani kwa baba, mkono wa mama uko juu ya goti lake. Niliifungua njiani nikaishika hivyo hivyo, ikiwaka. Nilikuwa na kila kitu. Jina la kijiji, jina la baba, jina la shule aliyosoma Kwale na mwalimu aliyemfundisha. Nilikuwa ninayapanga kichwani yatoke kwa mpangilio, asipate pa kukatizia.

Habari ilikuwa imeshafika ofisini kabla yangu. Mwalimu mkuu alisimama nilipoingia, akanipa kiti, nikakataa. Akamwita dada. Alikuja akasimama mlangoni, vidole vyeupe kwa chaki, na uso wake ulikuwa umekwisha. Sijui namna nyingine ya kuusema. Aliiona simu mkononi mwangu.

"Mama, pole," mwalimu mkuu alisema. "Adhabu ile haikufuata utaratibu, na nitaongea na mwalimu. Lakini kuna jambo linasemwa na watoto, nataka nilielewe. Mtoto wako amemwita mwalimu mama mkubwa. Mwalimu anasema hamfahamu. Ninyi mna undugu?"

Mtoto aliniangalia. Alikuwa ananisubiri, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kwa sababu sasa mama yake amekuja na mambo yatanyooka.

Nikamwangalia dada. Nilifikiri nitaona anaomba. Hakuwa anaomba. Alikuwa ananichukia, moja kwa moja, kama vile mimi ndiye niliyetoboa ukuta wa nyumba yake kumwingilia. Na chuki ile ilinipa jibu ambalo sikuja nalo.

"Hapana," nilisema. "Hatuna undugu. Mimi huyu simjui."

Nilisikia mwanangu anavuta pumzi.

"Mtoto alimfananisha," nikaendelea. "Kwetu yupo mtu anayefanana naye kidogo. Alikuwa mtu mzuri."

Watu niliowahi kuwasimulia wameniambia nilimhurumia. Haikuwa huruma. Ningesema ukweli angepoteza kazi, labda na zaidi ya kazi, na bado angekuwa dada yangu, ningempelekea chakula, ningelia naye. Nilichofanya ni kumpa alichokuwa akikitaka, mbele ya shahidi, na nilitaka asikie kinavyosikika kikitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Nilikuwa sijamfikiria mtoto. Hapo ndipo palipo na aibu yangu mimi.

Mwalimu mkuu alishusha pumzi, ameridhika. Akamgeukia binti yangu kwa upole. "Basi, mwanangu, umeona? Si vizuri kusema jambo lisilo kweli kuhusu mtu mzima. Mwombe mwalimu radhi."

Ningeweza kuzuia. Neno moja tu. Nilisimama pale na buibui langu linachuruzika kwenye sakafu na sikulisema.

"Samahani, mwalimu," mtoto alisema.

Na dada yangu, nakuapia, dada yangu alisema, "Nimekusamehe."

Tulihama mtaa ule kabla ya mwisho wa mwezi. Yule bibi mwenye nyumba alinuna, akasema watu wa kuja hawatulii. Nilipata vyumba vitatu Kichangani, nyumba imebanana na nyumba, kuna kelele za mashine ya kusaga tangu asubuhi, na shule ya serikali ambayo sikuchagua kwa lolote ila kwamba dada yangu hafundishi hapo. Binti akaanza upya, darasa la tano tena, watu wapya wa kumcheka. Mume wangu aliporudi Jumamosi nikamweleza yote, na ugomvi wetu ulikuwa mkubwa kuliko wote tuliowahi kugombana. "Ungesema ukweli," alirudia. "Ulikwenda kumtetea mtoto, ukamtetea mtesi wake." Nilimwambia yeye hakuwepo, kazi yake ni kutokuwepo. Alilala sebuleni, na Jumatatu aliondoka bila chai.

Binti hakunisemesha karibu mwezi. Alijibu nilipomwuliza, alitii nilipomtuma, alinisalimia asubuhi kama inavyotakiwa. Zaidi ya hapo hakuna. Alikuja kuniuliza baada ya mwaka mzima, siku ya kawaida, anapiga pasi sare yake.

"Ulijua nasema kweli. Kwa nini uliniacha niombe radhi?"

Nilianza kumweleza kuhusu cheti na kazi ya serikali na uhamiaji.

"Hayo najua," alisema. "Nilikuwa nyuma ya mlango. Nauliza kwa nini mimi."

Nikamwambia nilikuwa na hasira na dada yangu, na kwenye hasira ile sikumwona. "Basi ulifanya kama yeye," alisema, akageuza sketi upande wa pili. Sikumkatalia. Angekuwa mtoto wa mwenzangu ningesema amemvunjia mama yake heshima.

Mama anapiga simu kila Ijumaa na anauliza kama mimi na dada tunaonana. Ninamwambia tunaonana, na si uongo, mji huu hauna soko kubwa la kuficha watu. Dada aliacha ualimu miaka miwili baadaye. Shemeji ndiye aliyeniambia, nilipokutana naye stendi, kwamba ameacha mwenyewe kwa barua, na sasa ana duka la vitenge. Hakuniambia sababu na mimi sikuuliza. Kwa kuwa ameacha, ninaweza kuandika haya bila kumvunjia mtu riziki, na mambo mawili matatu nimeyageuza asitambulike. Sitajifanya kwamba ninaandika kwa sababu nimepoa.

Mkataba wa mume wangu uliongezwa, kisha ukaongezwa tena. Mwaka jana aliniuliza kama tukiondoka hapa nataka twende wapi, Dodoma au kurudi Kwale, na kwamba safari hii nichague mimi shule na mtaa tangu mwanzo. Nikamwambia amwulize binti. Yuko kidato cha pili sasa, mrefu kunizidi, anaongea kama watoto wa mjini hapa mpaka wageni wanadhani amezaliwa mtaa wa Mji Mpya. Wakimwambia hivyo anawakatiza. "Mimi Mkenya, wa Kwale," anasema, kwa sauti ya juu kuliko inavyohitajika. Baba yake alipomwuliza alisema haendi popote mpaka amalize kidato cha nne, na kwamba akihamishwa tena bila kuulizwa atajihamisha mwenyewe arudi kwa bibi yake. Hakuwa anatania. Tukabaki Kichangani.